Laki tatu na nusu imegeuka shilingi 350: kisa cha duka la vitenge Kariakoo

Jumatatu saa tatu asubuhi nimebanwa ndani ya mwendokasi, ndo kwanza tunaiacha Magomeni, simu inaita. Ni mama mmoja anauza vitenge vya jumla Kariakoo, mtaa siutaji. Nikatoa shikamoo, akaiitikia juujuu, "marahaba, hivi mwanangu, huyu binti ananiibia au hiyo kompyuta yenu ndo inaniibia?"

Hiyo "yenu" ilinihusu. Mfumo wa duka aliutengeneza dogo mmoja aliyemaliza chuo mwaka juzi, kijana ana bidii tu, ila mimi ndo nilimpeleka kwa mama, kwahiyo lawama zikija zinapitia kwangu kwanza. Nikashuka Msimbazi nikaenda.

Biashara yenyewe iko hivi. Wateja wa mikoani wanachukua mzigo mali kauli, majora kumi, ishirini, wanaenda kuuza Ifakara, Songea, Mahenge huko, alafu wanalipa kidogo kidogo kwa simu au wanamtumia mtu. Kila malipo yakiingia keshia anaandika kwenye kaunta buku, alafu anaingiza kwenye kompyuta, mfumo unapunguza deni na kumtumia mteja meseji ya salio. Zamani aliyekuwa anaingiza ni mpwa wake mama. Mpwa akapata kazi sehemu nyingine, akaja huyu binti, na tangu aje, wiki tano, madeni kwenye kompyuta ni kama hayapungui kabisa. Pesa zinaingia, wateja wanalipa, deni liko palepale. Sasa mtu mzima akiona hivo anafikiria nini? Binti siku hiyo nimemkuta amekaa nje kwenye benchi la muuza kahawa, hajaambiwa afanye kazi wala hajaambiwa aondoke, na macho yamemvimba.

Kitu cha kwanza nilichofanya sikufungua kodi (kodi ya programu, sio ile ya TRA). Nililinganisha pesa na kaunta buku. Zikakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Kwahiyo wizi hakuna, nikamwambia mama hapohapo, akanyamaza. Kilichobaki ni kaunta buku inasema kitu kimoja na kompyuta inasema kingine.

Nikachukua mteja wa Ifakara. Alikuwa anadaiwa 1,280,000, akalipa 350,000, kwa hesabu ya kawaida abaki na 930,000. Kompyuta inasema 1,279,650. Tofauti 349,650. Mteja mwingine alilipa 75,000, tofauti 74,925. Mwingine 420,000, tofauti 419,580. Nikakaa naziangalia hizo namba huku nakunywa kahawa ya kashata, ni namba mbayambaya hazina sura, mpaka nikajaribu kuzigawa. 349,650 gawa kwa 999 unapata 350 kamili. 74,925 gawa kwa 999 ni 75. 419,580 gawa kwa 999 ni 420. Zote! Sasa 999 inatoka wapi? Ukichukua kitu mara elfu ukatoa kitu chenyewe unabaki na 999 yake. Yaani mfumo unapokea malipo yakiwa yamepungua mara elfu moja, laki tatu na nusu inaingia kama shilingi 350.

Wazo langu la kwanza likawa kwamba kuna mahali dogo anagawa kwa elfu, labda kuna ripoti ya "kwa maelfu". Ningeanza kuitafuta hiyo ningepoteza siku nzima. Kilichoniokoa ni mteja mmoja ambaye hakufuata mstari: alilipa 1,200,000, tofauti yake 1,199,999. Hiyo kwa 999 haigawanyiki. Milioni moja na laki mbili imeingia kama shilingi 1. Sio 1,200, moja! Hapo hakuna anayegawa kitu, hapo mtu anasoma namba kutoka kushoto, anafika kwenye koma ya kwanza, anaishia hapo.

Ndo nikafungua kodi. Ni JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, na mstari wenyewe mfupi (parseInt ni amri ya kugeuza maandishi kuwa namba):

deni = deni - parseInt(malipo)

Binti amesoma biashara, amefundishwa kuandika pesa kwa koma, 350,000 na wakati mwingine 350,000/= kabisa. Mpwa alikuwa anaandika 350000 kavu. Hiyo ndo tofauti yote kati ya mtu mwaminifu na mwizi katika duka lile kwa wiki tano.

Nikampigia dogo. "Bro, haiwezekani, parseInt ingekataa, si ingerusha kosa?" Na hapa sikumlaumu sana, maana dogo chuoni alifundishwa Java, na kwenye Java kuna parseInt, ukiipa "350,000" inagoma palepale, inarusha NumberFormatException na programu inakushtukia. JavaScript nayo ina parseInt, jina lilelile herufi kwa herufi, ila tabia tofauti kabisa: inasoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokijua, inakupa ilichopata, iliyobaki inaitupa na haisemi. "350,000" ni 350. "350k" ni 350. "350,000/=" ni 350. Ukiipa "Tsh 350000" ndo inakupa NaN (yaani "sio namba") kwa sababu imekwama kwenye herufi ya kwanza. Huo mtindo sio wa JavaScript peke yake, atoi ya C inafanya hivohivo, na PHP ukigeuza kwa (int) unapata 350 pia. Upande wa pili kuna Java, kuna Python ambayo int("350,000") inakupa ValueError, kuna Go ambayo Atoi yake inakurudishia kosa mkononi uamue mwenyewe. Kwahiyo ni koo mbili. Dogo alihama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine akakuta mtu ana jina la mjomba wake akamwamini.

Sasa swali likawa kwanini aliweka parseInt mwanzoni, maana mfumo ulifanya kazi miezi kadhaa bila hiyo. Nikarudi kwenye historia ya mabadiliko, na kumbe kuna kisa kingine nyuma ya hiki.

Toleo la kwanza dogo aliandika funksheni (kipande cha kodi chenye kazi yake) moja tu, punguzaDeni(deni, malipo), na ndani ni deni - malipo. Kile kiboksi cha kwenye fomu hata uandike namba, JavaScript inakupa maandishi, stringi, ndivyo fomu za wavuti zilivyo. Kwahiyo paramita ya malipo, yaani kile funksheni inachopewa, ilikuwa inaingia kama "350000" maandishi, lakini alama ya kutoa ikikutana na maandishi inayageuza kuwa namba yenyewe kimyakimya. Ikafanya kazi. Dogo hakujua kwamba inafanya kazi kwa bahati. Baadaye mama akataka na sehemu ya kuongeza mzigo, dogo akanakili funksheni, akabadili jina ikawa ongezaDeni, akabadili toa ikawa jumlisha. Na alama ya kujumlisha kwenye JavaScript ikikuta upande mmoja ni maandishi haijumlishi, inagandisha. Mteja aliyekuwa na deni la 900,000 akachukua mzigo wa 380,000, mfumo ukamtumia meseji kwamba anadaiwa 900,000,380,000. Bilioni mia tisa! Alipiga simu anacheka mpaka anakohoa, akamuuliza mama kama amemuuzia Kariakoo yote.

Hilo lilikuwa kosa zuri. Nasema zuri kwa sababu lilipiga kelele, siku hiyohiyo likajulikana. Dogo akalirekebisha kwa dakika kumi, akaweka parseInt kila mahali, kwenye jumlisha na kwenye toa, ili "iwe salama". Na hapo ndo alipoharibu. Kabla ya hiyo parseInt, kama binti angeandika "350,000" kwenye malipo, alama ya kutoa ingejaribu kugeuza neno zima, ingeshindwa kwa ile koma, ingetoa NaN, na NaN kwenye skrini hata mama angeiona. Nisiwe muongo, NaN nayo ina ujinga wake, ikipitishwa kwenye JSON (mtindo wa kusafirisha data kama maandishi) inatoka null, yaani hakuna kitu, na null ukitoa 5,000 unapata hasi 5,000, yaani mteja anaanza kukudai wewe. Lakini angalau kitu kingelipuka mapema. Dawa ya dogo ilitibu ugonjwa wenye kelele ikaacha ugonjwa wa kimya, na ugonjwa wa kimya ukalala mpaka aje mtu anayejua kuandika koma.

Hapa ndo naingia kwenye kitu nilichotaka kukisema. Watu wanabishana lugha gani ya programu ni nzuri, mara aina kali mara aina laini (yaani lugha inabana au inalegeza kuhusu kipi ni namba kipi ni maandishi), kama Simba na Yanga. Mimi naona swali la maana zaidi ni hili: unapoipa funksheni kitu ambacho sio aina inayoitaka, nani anageuza, na akishindwa anamwambia nani?

Kuna njia nyingi zilizojaribiwa. C ya mwanzo, kabla ya sanifu ya 1989, kampaila (programu inayotafsiri kodi) ilikuwa haijui hata funksheni inataka aina gani, unaweza kupeleka namba nzima kwa funksheni inayosubiri desimali, ukapokea takataka. Baada ya hapo funksheni zikaanza kutangaza aina za paramita zao na C ikaanza kukugeuzia, tena kwa upole uliopitiliza: paramita ni int (namba nzima), umepeleka 350.75, inaingia 350 na hiyo 75 imeenda na maji. Java ilikuja na msimamo kwamba kwenye kuita funksheni unaruhusiwa kupanua tu, int iende long (namba nzima yenye nafasi kubwa zaidi), lakini desimali haiingii kwenye int mpaka uandike kwa mkono wako. Wazo zuri, ila nao walijikwaa, maana wanahesabu int kwenda float (namba ya desimali) kuwa ni kupanua, wakati float haina nafasi ya kutosha: 16,777,217 inaingia na kuwa 16,777,216. Milioni kumi na sita sio mbali, kontena la vitenge linaipita. PHP tangu toleo la 7 la mwaka 2015 unaweza kutangaza kwamba paramita ni int, ila ukiipa "350000" maandishi inageuza yenyewe, mpaka juu ya faili uandike strict_types, na cha kuchekesha ni kwamba anayeamua ni faili la anayeita, sio la aliyeandika funksheni. Go na Rust wamefunga mlango kabisa, hata namba nzima ya biti 32 kwenda ya biti 64 lazima uandike mwenyewe.

JavaScript ilitengenezwa 1995, na Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa siku kumi, kwa ajili ya kurasa za wavuti ambako karibu kila kitu kinachoingia ni maandishi. Kwa mazingira yale kugeuza kimya ilikuwa huruma kwa mtu anayetengeneza kurasa, ukurasa usife kwa sababu ya kiboksi kimoja. Siwezi kuwatukana. Ila huruma hiyohiyo ukiihamishia kwenye daftari la madeni inakuwa balaa.

Dogo akaniambia, "basi bro nahamia TypeScript." Nikamwambia sawa, hiyo ni JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina, itakusaidia, maana itajua kwamba kiboksi kinatoa maandishi na funksheni yako inataka namba, itakugomea kabla hata hujaendesha. Utafanya nini ikikugomea? Akafikiri. "Nitaweka parseInt." Ehee! Umerudi palepale. Lugha kali inakulazimisha uandike ugeuzaji, haikuandikii ugeuzaji ulio sahihi. Tena aina za TypeScript zinafutwa programu ikianza kukimbia, data ikitoka kwenye sava imekaa vibaya hakuna askari getini.

Na kama anadhani hilo ni la watoto wa Dar tu, roketi ya Ariane 5 ya kwanza kabisa, Juni 4, 1996, iliondoka Kourou na haikumaliza dakika moja angani. Programu ilikuwa ya Ada, lugha kali kuliko kali, hakuna ugeuzaji wa kimya. Mtu aliandika kwa mkono wake kugeuza desimali ya biti 64 iwe namba nzima ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767, na kwenye Ariane 4 thamani ile haikuwahi kufika huko. Kulikuwa na ugeuzaji wa namna hiyo saba wenye hatari, minne ikawekewa kinga, mitatu ikaachwa kupunguza mzigo wa kompyuta. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi, namba ikazidi, roketi ikapoteza mwelekeo ikalipuka.

Kwenye duka tulifanya hivi. Tukaandika funksheni moja tu inaitwa somaShilingi, yenyewe ndo ina ruhusa ya kupokea maandishi. Inakubali tarakimu tupu, inakubali koma zikiwa zimekaa kila baada ya tarakimu tatu sawasawa, inakubali /= mwishoni, basi. "35,0000" inakataa. "350.000" inakataa, maana sijui ni laki tatu na nusu au ni mia tatu hamsini nukta sifuri. "350k" inakataa. Kiboksi kitupu kinakataliwa pia, na hili wengi wanasahau, ukitumia Number ya JavaScript kwenye maandishi matupu inakupa 0, yaani mtu kasahau kuandika na mfumo unarekodi kalipa sifuri. Ikikubali inarudisha namba, na kuanzia hapo ndani yote ni namba, punguzaDeni na ongezaDeni zikipewa kitu ambacho sio namba nzima zinarusha kosa hapohapo, hazijaribu kusaidia. Na kabla ya kuhifadhi skrini inaandika kiasi kwa herufi kubwa ili keshia aone.

Mama hakufurahi. "Sasa mwanangu nikiandika 350k si ielewe tu, wewe umeelewa, yenyewe ishindwe?" Nikamwambia mama, ile ya zamani nayo ilielewa. Akaguna. Hapo tulibishana na dogo vilevile, yeye alitaka tuiongezee akili, ikubali k, ikubali "laki", ikubali nafasi katikati. Mi nikagoma, labda nimezidisha ukali, lakini kila unachokubali kwenye mlango ule ni kitu unachoahidi kukielewa vilevile siku zote, na laki ya mtu mmoja na "nukta" ya mwingine zitakuja kugongana siku mimi sipo.

Dogo akiwa na mori akataka kugeuza vyote viwe namba, hadi simu na NIDA za wateja. Nikamkamata mkono. Simu 07 ukiifanya namba ile sifuri ya mbele inakufa. NIDA ndo mbaya zaidi, ina tarakimu 20, na namba za JavaScript zinakuwa na uhakika mpaka 9,007,199,254,740,991 tu, tarakimu 16. Huko juu NIDA zinapokaa, namba zinaruka kwa hatua za 4,096, kwahiyo tarakimu za mwisho zinaviringwa, na watu wawili waliozaliwa siku moja sehemu moja wanaweza kuwa mtu mmoja. Hata ukichukua namba nzima ya biti 64 isiyo na hasi, inaishia 18,446,744,073,709,551,615, na kwa kuwa NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, mteja aliyezaliwa 1845 na kuendelea haenei. Kitu usichokijumlisha wala kukitoa kiache maandishi.

Kazi iliyotuchosha kuliko kodi ni kurudisha namba. Dogo alikuwa anahifadhi matokeo ya parseInt, alichoandika binti kilishatupwa. Mtu akasema si tuzidishe zote kwa elfu tumalize. Nusura tufanye. Ila kuna mzee mmoja alilipa jero kweli, shilingi 500, alikuwa anafunga deni lake asibakize kitu, tungezidisha tungemkuta anatudai karibu laki tano. Na zile zilizoingia kama 1 huwezi kuzidisha kwa chochote, 1 inaweza kuwa milioni na laki mbili au milioni na laki tisa, taarifa imeshapotea. Tukakaa na kaunta buku, mimi, dogo na binti, mstari kwa mstari, siku mbili, na binti ndo alikuwa na kasi kuliko sisi wote. Mama hakumwambia samahani kwa maneno. Jioni ya pili alimkunjia pea mbili za kitenge, akamwambia "peleka na kwa mama yako", akageuka kuhudumia mteja.

Umebaki mstari mmoja. Ukurasa wake kwenye kaunta buku ulimwagikiwa chai, mteja ni wa Mahenge, yeye anasema alilipa milioni moja na laki sita kupitia mtu, na huyo mtu simu haipatikani. Kompyuta inasema 1.